Tulirudi kwa kazi na harusi, matanga tukayaruka

Mhariri,

Naomba nafasi kwa gazeti lako niseme kitu imenikaa kwa roho kitambo. Kila mtu hapa Nairobi anasema maisha ilirudi baada ya Korona, na ni ukweli, matatu zilianza kujaza Agosti 2021, kafyu ikaondolewa siku ya Mashujaa, 20 Oktoba mwaka huo, Machi 2022 tukaambiwa barakoa si lazima tena, na sai ukipanda gari ya mtaa wetu wa Umoja jioni unabanwa hadi unasikia pumzi ya mtu kwa shingo na hakuna mwenye anashtuka. Harusi zimerudi na mahema yake. Lakini kuna watu walizikwa hapo katikati na hatukuwalilia, na mimi naona hiyo ndio inafanya wengine wetu bado hatuangaliani machoni.

Mzee wangu, baba watoto, alituacha Mei 2020. Haikuwa Korona, ilikuwa presha, lakini siku hizo watu waliogopa kila kifo. Nairobi ilikuwa imefungwa tangu 6 Aprili, hakuna kutoka hakuna kuingia, kwa hivyo kupeleka mwili Kakamega ilikuwa ni kuzunguka na barua kwa chifu na kwa polisi, na majina ya watu 15 peke yake. Jameni, uchague watu 15! Nilikata jina la dada yangu nikaweka la shemeji, na dada hajawahi kuniambia kitu lakini najua. Tulizika asubuhi na mapema, kabla ya saa nne watu washaambiwa watawanyike. Hakukuwa na kukesha, hakukuwa na siku ya wafiwa kunyoa nywele.

Huku kwa ploti ndio iliniuma zaidi. Wenye wamekaa Umoja wanajua venye mtu akifiwa viti hutolewa nje, jioni wanakuja watu wa chama cha kuchangiana pesa, wa kanisa, majirani, kunaimbwa, kunanyweka chai, na daftari inazungushwa kila mtu anaandika jina na chenye ametoa. Mimi nilinunua daftari nikaiweka kwa meza, nadhani ni mazoea tu. Haikuandikwa kitu. Pesa zilikuja kwa simu, kutuma hadi shilingi 1,000 ilikuwa bure wakati huo, 200 hapa, 300 pale, na "pole sana mama". Jirani wangu wa ukuta mmoja alituma 200, na ile meseji iliingia nikiwa nasikia TV yake. Simlaumu, alikuwa na mtoto wa pumu na tulikuwa tumeambiwa tusikaribiane.

Shida ilikuja baadaye, vitu vilipofunguliwa na hakuna mtu alijua aanzie wapi. Tukikutana na huyo jirani kwa kamba ya nguo ananiuliza kama maji imekuja, anasema stima imepanda, halafu anaharakisha kuingia. Nilidhani ananichukia kumbe ni aibu. Mwisho wa 2022, Jumapili jioni, akabisha mlango ako na sukari kilo 2 na majani, akasema, "Mama, nimekuja matanga." Nililia hiyo siku venye sikulia Kakamega. Alitaka kujua kila kitu, mzee alianguka wapi, nani alimbeba, kaburi iko upande gani wa boma. Akauliza kama niliweka daftari, nikaitoa chini ya nguo kwa sanduku, akaandika jina lake kwa laini ya kwanza, na mbele yake: sukari kilo 2.

Nikisikia watu wakisema hayo ya Korona tuachane nayo naelewa, tulichoka sisi wote. Lakini kuna watoto mzazi wao alizikwa na watu wamevaa zile nguo nyeupe hadi kichwa, mwili hawakuuona, hao mnataka waachane na nini? Naomba wachungaji na maimamu watenge siku moja ya kuombea wenye walizikwa hiyo 2020 na 2021 bila watu, na wafiwa waulizwe majina. Hata sisi wa chama, kabla pesa ihesabiwe tuulizane nani hakupata matanga. Na wewe mwenye ulituma 200 kwa simu, enda. Usiogope ati umechelewa. Kama hujui utasema nini, uliza aliugua vipi na alizikwa vipi, halafu keti tu usikilize.

Mimi mwenyewe Jumamosi naenda Kayole kwa mama mmoja tuliuza naye mitumba Gikomba miaka mingi, alizika kijana wake Agosti 2020 na sikuenda, niliogopa. Hajui nakuja. Sukari nishanunua.

Msomaji wenu,
Umoja, Nairobi