Mdogo wangu, usiuhesabu mtaa kwa milango

Mdogo wangu,

Nilifurahi uliponiambia umeingia kwenye timu inayopanga nyumba mpya za mitaa ya katikati ya jiji. Lakini kauli yako kwamba huko "familia zimekwisha, wamebaki wapangaji tu" haijanitoka moyoni. Naomba uifikirie upya kabla haijaingia kwenye ripoti, maana ikishaingia humo watu wataijengea.

Fikra hiyo si ngeni. Mwaka 1925 mwanasosholojia Ernest Burgess aliichora Chicago duara ndani ya duara, na ukanda unaokizunguka kitovu cha jiji akauona kuwa wa vyumba vya kupanga na wahamiaji, wenye uwezo wakisogea nje. Kuna ukweli humo: mgeni huanzia palipo karibu na kazi, na chumba hupatikana upesi kuliko nyumba. Ila mchoro ule hauonyeshi nani anamlea nani.

Miongozo ya sensa ya Umoja wa Mataifa hutenganisha mambo mawili. Kaya ni wanaoshirikiana chakula na mahitaji ya maisha, wawe ndugu au wasiwe. Familia ni wale wa ndani ya kaya wenye undugu wa damu, ndoa au kuasili. Vijana watatu wanaochangia jiko na matumizi ni kaya moja bila kuwa familia. Mama anayeishi peke yake ghorofa ya kwanza, na bintiye wa ghorofa ya pili anayemshukia kila jioni, karatasini ni kaya mbili, na ya mama itaandikwa ya mzee mpweke. Mpweke gani huyo?

Wanaoniuma zaidi ni bibi na babu wanaolea mjukuu ambaye wazazi wake hawapo. Dodoso likiuliza idadi tu, watafanana na wenzi vijana wenye mtoto mmoja, ilhali mahitaji yao ni mengine kabisa: ngazi wanazoweza kupanda, zahanati ya karibu, na nani atie sahihi ya mlezi shuleni. Yupo pia mtoto wa wazazi waliotengana, wiki hii huku, wiki ijayo kule. Huhesabiwa mahali pamoja, na kitanda chake cha pili hakimo kwenye hesabu ya yeyote.

Halafu huo wastani wenu wa watu kwa kaya. Kaya ya mtu mmoja na ya watu saba zina wastani wa wanne. Jenga nyumba ya watu wanne, mmoja atalipia vyumba asivyovihitaji na saba watabanana. Jenga vyumba vya mtu mmoja pekee, wenye watoto watahama, na sensa ijayo itakuambia ulikuwa sahihi.

Kikaoni usikubali jedwali la idadi peke yake. Omba lenye umri wa kila mtu na uhusiano wake na mkuu wa kaya, na muongeze swali moja: nani, nje ya mlango huu, anakupikia, anakulelea mtoto au anakusaidia kodi? Nitumie rasimu ikiwa tayari, nitaisoma usiku huohuo.