Ile tiki sikuiweka mimi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Wiki mbili zilizopita ukurasa wenu wa teknolojia uliwaambia wasomaji kwamba kompyuta ikiwa nzito wadaunlodi programu ya bure ya kuisafisha, na asiye na hela ya antivairasi zipo za bure tele mtandaoni, ila tu "wawe makini". Mi nina steshenari hapa Tanga, natoa kopi, naprinti, nawajazia watu fomu za mtandaoni, na hilo neno la kuwa makini limenikera kwa sababu nimekuwa makini miaka tisa na bado yamenikuta.

Ilikuwa hivi. Alikuja mama mmoja mtu mzima, mwalimu mstaafu, nikampa shikamoo yake na kiti, anataka nimjazie mwanawe fomu ya mkopo wa chuo. Tumefika kwenye namba ya NIDA, zile tarakimu 20, yeye anasoma moja moja kitambulisho kakiweka mbali na macho, mi naandika, mara ukurasa mwingine ukajifungua wenyewe juu ya ule wetu, mdada nguo hazijamtosha na maandishi mekundu eti tumeshinda simu. Nikafunga. Ukaja mwingine, wa kubeti huo. Nikafunga. Mama akatoa miwani kwenye pochi akaivaa taratibu, akaniuliza, "Mwanangu, hawa nao ndio bodi ya mikopo?" Foleni yote ikaangua kicheko, mi jasho linanitoka kama nimebeba magunia.

Usiku nikabaki, nikaingia kwenye Kontroo Paneli nikazipanga programu kwa tarehe. Zikajipanga tano za siku moja. Moja naijua, ni konvata ya kugeuza PDF kuwa Word, niliishusha jana yake kwa ajili ya kijana aliyekuwa na haraka na CV yake. Nne sizijui kabisa, kuna iliyojiita ya kuongeza spidi, kuna ya kutafuta bei nafuu madukani (duka gani, Tanga hii?), kuna tulba, yaani ule mstari wa vitufe unaojibandika juu ya brauza, na nyingine jina lake ni herufi tu zimerushwarushwa. Nikafungua brauza nikakuta na ekstensheni mpya, yaani kiprogramu kinachojishikiza ndani ya brauza, nikabonyeza nione kimepewa ruhusa gani hicho kidude, kimeandika kwa Kiingereza kwamba kinaweza kusoma na kubadilisha data zangu zote kwenye tovuti zote ninazotembelea.

Sasa Mhariri, data zangu ni zipi? Kompyuta ya steshenari ni yangu kwa risiti tu. Humo kuna NIDA za watu, vyeti vya kuzaliwa, namba za simu, matokeo ya form four, email za watu waliosahau kulog out wakaenda zao wakijua wamemwachia mtu wao. Na bando nalo siku ile liliisha saa nane mchana nikadhani mtandao wanatuibia, kumbe ni matangazo yanajipakua kimya kimya huko nyuma.

Na aliyekubali hayo yote ni mimi, hilo sikatai. Nexti, nexti, nakubali, nexti, finishi, huku naongea na mteja mwingine habari ya laminesheni. Ila nikachukua laptopu mbovu nikairudia ile kazi polepole nione nilipitwa wapi. Ukurasa wa tatu una vitufe viwili, kimoja kikubwa cha kijani kimeandikwa ya kawaida, inapendekezwa, kingine kidogo cha kijivu kama kimekufa, kimeandikwa kwa wajuzi. Ukibonyeza cha kijani huoni kitu unaendelea mbele. Ukibonyeza kile cha kijivu ndio vinatokea viboksi vinne, vyote vina tiki tayari. Yaani tiki imewekwa kabla sijakaa kwenye kiti, halafu baadaye mnaniambia ningekuwa makini!

Wala aliyeitengeneza ile konvata hatoi sadaka. Kuna biashara kabisa ya kulipana kwa kila kompyuta, mwenye kutaka matangazo yake yaonekane anamlipa dalali, dalali anamlipa mwenye programu ya bure, na hiyo ya bure ndio chambo. Mwaka 2016 watafiti wa Google na Chuo Kikuu cha New York waliifuatilia wakakuta bei ni kati ya dola 0.10 na dola 1.50 kwa kompyuta moja, inategemea iko nchi gani, na kwamba Google ilikuwa inatoa maonyo zaidi ya milioni 60 kwa wiki kuwazuia watu wasishushe vitu vya aina hii, mara tatu ya yale ya virusi vya kawaida. Kwa Tanga sidhani kama nilipewa ile bei ya juu. Inawezekana kabisa aibu yangu yote ile mbele ya mwalimu kuna mtu kalipwa hela isiyofika chapati moja.

Wenzangu wananiambia ungeshusha kwenye tovuti zinazoaminika. Zipi? Download.com ilikuwa ndio mama wa tovuti za programu, mwaka 2011 ikaanza kuzifunga programu za watu ndani ya kifurushi chake chenye tulba, mpaka mwenye Nmap, programu ya bure ya mafundi wa mitandao, akalalamika hadharani Desemba ya mwaka ule kwamba kazi yake inatumika kuingizia watu takataka asizozijua. GIMP wa kuchora picha nao waliihama SourceForge, tovuti nyingine ya kushushia programu, mwaka 2013 kwa sababu za namna hiyo hiyo. Na Java je, ile inayohitajika ili programu nyingine zifanye kazi, miaka mingi tu ukiiapdeti ilikuwa inakuja na kiboksi cha tulba ya Ask kimetikiwa, na Java ilikuwa ya kampuni kubwa sio ya vijana wa vichochoroni.

Wengine wanasema nunua laptopu mpya safi. Lenovo walianza kuuza laptopu mpya mwaka 2014 zikiwa na kitu kinaitwa Superfish kimeshawekwa humo ndani, kinachomeka matangazo kwenye kurasa unazofungua, na ili kiweze kuzifikia hata zile kurasa zenye kufuli kama za benki kiliweka cheti chake chenyewe cha usalama, ufunguo mmoja kwa laptopu zote, kwa hiyo aliyeupata huo ufunguo angeweza kujifanya benki yako na kompyuta ingeamini. Mwaka 2017 wakamalizana na Tume ya Biashara ya Marekani. Hapo mtu kanunua kwa hela yake, sio cha bure.

Lakini iliyoniuma zaidi ni ya antivairasi maana ndiyo mliyoishauri nyinyi. Avast nimewawekea watu wengi sana, ukija na flashi yenye virusi dawa ni hiyo. Kumbe kuanzia 2014 kampuni yao tanzu iitwayo Jumpshot ilikuwa inauza kumbukumbu za kurasa ambazo watumiaji wamezitembelea, wateja wake zaidi ya 100. Waandishi wakaifichua Januari 2020, ikafungwa mwezi ule ule, na Februari 2024 tume hiyo hiyo ya Marekani ikaitaka Avast ilipe dola milioni 16.5 na kuizuia isiuze tena taarifa hizo kwa ajili ya matangazo. Na walikuwa wanaitangaza kwamba inawazuia wanaokufuatilia mtandaoni, hebu ona. Unamwajiri mlinzi asubuhi unakuta ndiye anayewapa watu orodha ya nani kaingia na nani katoka.

Hapa kwetu tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Sheria inataka mtu aambiwe taarifa zake zinakusanywa kwa ajili gani, na najua hata sisi wa steshenari inatugusa, kuna wenzangu wana folda kwenye desktopu lina skani za vitambulisho vya wilaya nzima. Ila ningependa Tume iseme waziwazi kwamba kiboksi kilichotikiwa na mwenye programu sio ridhaa ya mtu. Ulaya walishamaliza hilo, Oktoba 2019 mahakama yao ya juu ya Umoja wa Ulaya iliamua hivyo kwenye kesi ya Planet49, kampuni ya Ujerumani ya bahati nasibu za mtandaoni iliyokuwa inawatikia watu. Ya kwetu hatutaweza kumkamata mwenye konvata aliyeko huko asikojulikana, sawa, lakini wapo wanaotengeneza app hapa hapa na tiki zao ziko hivyo hivyo.

Na nyinyi gazeti, mkishauri tena programu ya bure andikeni na jina lake, ishushwe kwenye tovuti ya mwenyewe sio kwa madalali, na mtu abonyeze kitufe kile cha kijivu. Mistari mitatu tu hiyo, nafasi mnayo, kwenye ukurasa ule mliweka picha ya kompyuta kubwa kuliko habari.

Mi zile nne nimezitoa na konvata yenyewe nimeitoa, wateja wakimaliza nawasimamia walog out mbele yangu, wengine wananuna. Yule mama hakurudi. Nasikia fomu alikwenda kuimalizia kwa jirani yangu wa duka la tatu, ambaye ile konvata anayo, nilimpa mwenyewe kwenye flashi wiki ile ile. Nimemfuata nikamweleza yote haya niliyowaandikia, akaniambia, "Kaka, mbona inafanya kazi tu."

Ni mimi msomaji wenu,
Mwenye steshenari, Tanga