Chumvi inapitisha stima, sukari inakataa

Mhariri,

Haya maneno ati "maji hupitisha stima" watu huyasema nusu nusu. Juzi kijana wangu wa Form Two alitoa betri ya volti 9, waya mbili na taa ndogo ya tochi hapa kwa meza, akakoroga chumvi kwa glasi ya maji, taa ikawaka na waya zikatoa povu, akajaribu sukari wapi, na mimi nilikuwa nimebeti chai kwamba itawaka! Kumbe chumvi ikiyeyuka inaachana, sodiamu chanya, kloraidi hasi, hizo chembe zenye chaji, yaani ioni, ndizo hubeba stima. Sukari inayeyuka tu lakini molekuli zinabaki nzima, hazina chaji. Siki iliwaka hafifu, ioni zake chache. Mwanasayansi Arrhenius wa Uswidi aliandika haya 1884, maprofesa wakamdharau, 1903 akapewa tuzo ya Nobel ya kemia. Chai bado nadaiwa.

Mzazi, Kayole, Nairobi