Barua ya wazi kwa mdogo wangu aliyekataa kuwa mama wa ubatizo

Mdogo wangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakuandikia hadharani kwa ruhusa yako, bila kulitaja jina lako wala la parokia yako, kwa kuwa maneno uliyoniambia kwenye simu nimekwisha kuyasikia kwa wanawake wengi, wengine wakiyasema huku wakilia nje ya kanisa, na wengine wakiyameza tu. Uliniambia kwamba jirani yako amekuomba usimamie ubatizo wa mwanawe, nawe ukakataa, na nilipokuuliza sababu ukasema: "Dada, sitaki kupewa mtoto wa kufutia machozi."

Sikukujibu siku ile. Ningeweza kukujibu haraka, lakini majibu ya haraka ndiyo yaliyokuumiza kwa miaka tisa ya ndoa yako.

Sitakuambia uache kulia. Mimi niliolewa mwaka 1998, na kwa miaka sita nilizunguka hospitali peke yangu, nikapimwa, nikameza dawa, nikarudi kupimwa tena, na katika muda wote huo hakuna aliyewaza kwamba mume wangu naye apimwe, maana ukoo mzima ulikwisha kuamua tatizo liko kwa nani. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya sita duniani hupatwa na tatizo la kutopata mtoto wakati fulani wa maisha yake, na hesabu hiyo ni ya wanaume na wanawake pia; huku kwetu mzigo hutwikwa mwanamke. Nakumbuka sherehe moja ya Komunyo ya Kwanza ambapo nilikuwa mpishi tangu alfajiri. Nilimkanya mtoto aliyekuwa akichezea kuni za moto, na mama yake akanijibu mbele ya wote kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Niliuweka mwiko chini, nikaenda nyumbani, na kwa muda wa karibu mwaka mzima sikuhudhuria jumuiya.

Hata mahubiri yalinichoma. Kila inaposomwa habari ya Hana, yule mwanamke tasa wa Kitabu cha Kwanza cha Samweli, tunakimbizwa hadi kwa mwanawe Samweli: mama alilia, akaomba, akapata, kisha macho ya watu yanatugeukia sisi ambao hatukupata, kana kwamba machozi yetu yalipungua kipimo. Wanaohubiri hivyo huuruka mstari wa 18 wa sura ile ya kwanza, ambapo Hana anaondoka mbele ya kuhani Eli, anakula chakula, na uso wake hauna huzuni tena, ilhali bado hajachukua mimba wala hajui litakalotokea. Mstari huo umenilisha kwa miaka mingi kuliko sehemu yote inayoufuata. Hana alipata amani kabla ya kupata mtoto, na amani hiyo haikuwa ya kukopa.

Kuhusu ndugu wa mumeo wanaosema kwamba ndoa isiyo na mtoto haijatimia, Sheria za Kanisa zilizotangazwa mwaka 1983 zinasema wazi, katika kanuni ya 1084, kwamba utasa hauzuii ndoa wala hauibatilishi. Mumeo ndiye anayepaswa kuwaambia hilo. Wewe usijitwike kazi ya kujitetea mbele ya ukoo wake.

Sasa nirudi kwenye neno lako, mtoto wa kufutia machozi. Nililitafakari Ijumaa Kuu, tulipokuwa tukisikiliza Mateso kadiri ya Yohane. Chini ya msalaba Maria anamtazama mwanawe wa pekee akikata roho, na ni katika saa hiyohiyo anapokabidhiwa mwana mwingine, yule mwanafunzi aliyependwa. Ni nani awezaye kusema kwamba mwanafunzi yule aliletwa achukue nafasi ya Yesu moyoni mwa mama yake? Upanga ulikuwa umekwisha kuipenya nafsi yake, kama Simeoni alivyotabiri, na mtoto wa kupewa hakuuchomoa. Maria alipewa mwana akiwa na jeraha lake, naye akampokea nalo.

Kuna jambo jingine hapo ambalo halisemwi mara nyingi. Mapokeo yanamtambua mwanafunzi yule kuwa Yohane mwana wa Zebedayo, na Mathayo anataja kwamba mama wa wana wa Zebedayo alikuwa miongoni mwa wanawake waliotazama kwa mbali siku ile. Basi Yohane hakuwa yatima. Alikuwa na mama mzazi, mzima, aliye karibu, na bado Bwana akampa mama mwingine. Nilipoliona hilo niliielewa kwa mara ya kwanza kanuni ya 874 ya Sheria zilezile za Kanisa, inayoeleza sifa za msimamizi wa ubatizo. Inataka awe ametimiza miaka 16, isipokuwa kwa sababu ya haki, awe amepokea kipaimara na Ekaristi, na aishi imani inayolingana na wajibu wake. Kisha inataka asiwe baba wala mama wa anayebatizwa. Aliyemzaa mtoto huyo, hata akiwa mtakatifu, hawezi kusimama mahali ulipoombwa usimame. Haijaandikwa popote kwamba msimamizi awe amewahi kuzaa. Jirani yako hakukuonea huruma, mdogo wangu. Alikuja kukuomba kitu ambacho yeye mwenyewe hawezi kumpa mwanawe.

Nami nilikataa mara mbili kabla ya kukubali mwaka 2005. Binti niliyemsimamia nilimfundisha ishara ya msalaba akiwa bado anasema kwa kitembe, nikamshonea gauni la Komunyo, na kila Januari shule zilipofunguliwa nilimpigia sweta jipya kwa mashine yangu ya kufumia, maana la mwaka uliopita lilikuwa limekwisha kumbana. Alipokuwa na miaka 14 alibisha hodi kwangu usiku, amegombana na mama yake, akasema kuanzia siku hiyo mama yake ni mimi. Nakiri kwamba maneno hayo yaliingia moyoni mwangu kama maji kwenye udongo mkavu. Nilimpikia uji, nikamtandikia kitanda, na usiku kucha sikulala, nikitamani akae siku tatu, akae wiki, asirudi kabisa. Kulipokucha nilimshika mkono nikamrudisha kwa mama yake, tukaketi watatu jikoni hadi saa nne. Sijawahi kufanya kazi ngumu kuliko mwendo ule wa robo saa. Hana naye alimpeleka Samweli Shilo, kwenye nyumba ya Bwana, akamwacha huko, akarudi nyumbani mikono mitupu, na kila mwaka akamshonea kanzu ndogo. Nilipokuwa msichana niliusoma mstari huo wa kanzu bila kuona kitu. Siku hizi hunijia kila ninapokaa kwenye mashine. Kila mwaka ilimbidi akisie mtoto amerefuka kiasi gani.

Kwa hiyo sikuahidi kwamba ukikubali hutalia tena. Sikukuu ya akina mama bado hunikuta na uzito, na yupo ndugu ambaye hadi leo sijaweza kumsamehe kwa yale aliyonitamkia msibani. Ukiona bado huwezi, mwambie jirani yako ukweli kwa upole, naye Mungu hatakupungukia.

Umeniambia kwamba katekista anafunga orodha ya wasimamizi Jumapili ijayo. Kitambaa cheupe nimekwisha kukinunua, meta moja na nusu, cha pamba. Sijakikata, kwa sababu sijui kimo cha mtoto. Ukikubali, nenda ukampime, kisha unitumie vipimo.

Dada yako akupendaye.