Dodoma nayo ipate bustani ya miti ya umma

Ndugu mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kidogo niseme kuhusu miti hapa Dodoma, maana tunahimizwa kupanda kila mwaka ila cha kupanda tunaigana tu kwa jirani.

Pita Ilazo, Kisasa, Nzuguni, kila geti jipya lina miashoki miwili imesimama kama walinzi, ndani ukoka, basi bustani imeisha hiyo. Sasa huo mwashoki kwao ni India, na ukoka unataka maji muda wote, wakati sisi mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, na miaka mingi haifiki hata milimita 600, na mgao wa maji nani hapa haujui. Halafu mtu huyohuyo siku ya kusafisha kiwanja kaanza kwa kung'oa mkungugu, mti ambao mbuzi wanaokota maganda yake kiangazi chote na haujawahi kumwomba mtu hata ndoo moja jamani.

Ombi langu jiji litenge eneo, hata dogo, liwe bustani ya miti ambayo kila mti una kibao chake, jina la Kiswahili, la Kigogo, la kitaalamu, na unataka maji kiasi gani. Siyo jambo geni nchini, kule Amani, Usambara, Wajerumani walianzisha bustani ya mimea mwaka 1902. Yetu iwe ya nchi kame: mibuyu, mikwaju, mikungugu, milonge, minyaa.

Na humo pawe na siku ya kubadilishana miche. Kina mama tayari tunapeana pingili za bogenvilia saluni na kwenye vikoba, ila wale wale kwa wale wale. Ukija pale na tawi la mlonge (linashika hata ukilichomeka tu ardhini) unaondoka na kiriba cha mbuyu, na bibi mmoja anakuelekeza mbegu za ubuyu uziloweke kwanza kwenye maji ya moto, siyo kumung'unya na kutupa. Ila getini akae bwana shamba aangalie miche, la sivyo tutagawiana wale wadudu weupe mji mzima.

Mafundi bustani wa barabarani nao wapewe kona waonyeshe ufundi. Mawe makubwa ya Dodoma tunayoyapasua kokoto ni pambo tosha, zungushia aloevera umemaliza. Watufundishe na bogenvilia, maana watu wanaimwagilia kutwa halafu wanalalamika haitoi maua, kumbe ikionja kiu kidogo ndipo inachanua, na yale mekundu ni majani tu, ua lenyewe ni kale keupe ka katikati.

Kama jiji litakubali basi viriba vijazwe udongo mapema, Septemba hivi, mvua ya Desemba ikute miche imeshasimama.

Mama Miche,
Ilazo, Dodoma