Mwanangu, usiende ukweni na deni

Mwanangu Masanja,

Hapa hatujambo. Bibi yako mgongo umempoa kidogo, na mama yako anakusalimu ingawa bado amenuna.

Juzi usiku iliingia meseji kwenye simu yangu kutoka namba nisiyoijua: "Mwambie Masanja alipe deni lake." Ndivyo nilivyojua umekopa kwenye zile programu za simu. Nilimbana dada yako hadi akasema hela ni ya zawadi ya mama mkwe, ile seti ya chai yenye ukingo wa dhahabu uliyoinunua dukani huko Geita.

Kutaka kwenda kwa watu mkono usiwe mtupu ni adabu, na hapo umenifurahisha. Lakini kukopa, baba! Tena kausha damu! Mwaka 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Angalia kama hiyo yako imo. Iwe imo au haimo, lipa kabla meseji hiyo haijafika kwa mshenga, maana hawa watu wakishachukua majina yaliyomo kwenye simu yako hawachagui wa kumtumia. Mjomba wako ndiye atakayesema kwa niaba yetu kule Bukoba. Unataka aingie sebuleni kwa watu akijua kwamba zawadi aliyoishika bado inadaiwa?

Historia uliikimbia nikiwa mimi mwenyewe ndiye ninayefundisha. Leo utaisoma kwa lazima.

Waingereza unaowaona na visahani vyao waliianza chai kwa kuchelewa. Waholanzi walikuwa wameshaileta Ulaya mwanzoni mwa karne ya 17, na mwaka 1662 mfalme wa Waingereza, Charles II, alipomwoa Catherine wa Ureno, bibi harusi alikuja na mazoea ya kunywa chai, wakubwa wakamwiga. Haikuchukua vizazi vingi hata mfanyakazi wa kawaida akawa hawezi kuamka bila chai. Sasa chai yote ilitoka China, na Wachina bidhaa za Uingereza hawakuzitaka sana, walitaka fedha, ile fedha yenyewe ya madini. Ikawa fedha inatoka tu, hairudi.

Mwaka 1793 mjumbe wa Waingereza, bwana mmoja Macartney, akafika kwa mfalme Qianlong wa China, na zawadi za kutisha: saa, darubini, magari ya kukokotwa na farasi. Mzee akazipokea kwa heshima, akajibu kwamba nchi yake haina upungufu wa kitu, wala haihitaji vitu vyao. Macartney akarudi kwao bila mkataba wowote. Hapo ndipo ninapotaka usimame, baba. Walichagua zawadi ya kuwaonyesha wao walivyo wakubwa. Mwenye nyumba hakuna aliyemuuliza anatumia nini.

Kilichofuata ni aibu. Ili wapate hela ya chai wakazidisha kuuza kasumba, yaani afyuni ya kulevya, ya India kwa magendo huko China, Wachina walipoikamata na kuiharibu vikaja vita mwaka 1839, na mwaka 1842 China ikalazimishwa kuwapa Hong Kong. Yote hayo kwa sababu watu walizoea kunywa wasichoweza kukilipia. Wewe una mshahara wa mgodini na bado unakopa kwa ajili ya vikombe!

Haya, tuje kwenye hivyo vikombe.

Kwanza, unakwenda kwa Wahaya. Kule mgeni hupewa kahawa ya kutafuna, na kahawa wanaijua kabla babu zetu hawajaiona chai. Sisemi chai hawanywi. Kagera kwenyewe inalimwa, kama ilivyo Mufindi, Rungwe na Usambara. Nasema muulize mkwe wangu: asubuhi nyumbani kwao wanaketi wangapi? Wanakunywa ya rangi au ya maziwa? Nani anayemimina? Maswali hayo hayana riba.

Pili, usidhani seti ya birika, bakuli la sukari na kijagi cha maziwa ni amri iliyoshuka. Wachina walikunywa chai karne nyingi bila birika la kuivishia majani. Chai ilikuwa ya kugandamizwa, ikisagwa unga na kukorogwa ndani ya bakuli. Mwaka 1391 mfalme wao Hongwu aliacha kupokea ushuru wa chai ya vipande, akataka ya majani, na majani ndiyo yaliyolipatia birika dogo nafasi yake, yakiwemo mabirika ya udongo wa Yixing, huko huko China, ambayo watu wanayatafuta hadi leo. Kikombe chao hakikuwa hata na mkono; mkono ulishika kasi Ulaya. Kwa hiyo seti isiyotimia vipande vyote vya dukani si seti pungufu. Inatosha ikiwa inafanya kazi ya nyumba ile.

Kuhusu ukingo wa dhahabu, mama yako ameuza vyombo hapa Mwanza, Kirumba, tangu hujaanza shule, msikilize. Anasema dhahabu ile ikikutana na stilwaya inaondoka, na mama mkwe wako hataosha kwa sifongo kwa kukuogopa wewe. Ataifungia kabatini. Chombo cha kabatini hakikumbushi mtu yeyote juu yako.

Namna ya kuchagua, nilimtazama mama yako jana akimchagulia mteja. Kikombe anakiweka juu ya kiganja kilichokunjuliwa, anagonga ukingo kwa ukucha. Kikilia wazi, kizima. Kikijibu kwa sauti ya kukwama, kina ufa hata kama huuoni. Kauri nyembamba anaiinua kwenye mwanga, kivuli cha kidole kinaonekana upande wa pili. Birika analitazama kwa ubavu: mdomo ukiwa chini ya usawa wa kifuniko, chai itamwagika kabla halijajaa. Halafu analiinamisha tupu, kama la kumimina, aone kama kifuniko kinadondoka. Kwenye mkono anapitisha vidole, si kimoja, maana wazee wanashika kwa vidole vyote. Usiende dukani ukaangalia maua tu.

Ile kauri nyeupe sana unayoipenda, karibu nusu yake ni majivu ya mifupa ya ng'ombe. Aliyeiweka sawa ni Mwingereza Josiah Spode, mwishoni mwa karne ya 18. Msukuma mzima nimezeeka nikitupa mifupa.

Kwa maoni ya mama yako, na mimi namuunga mkono, nunua vikombe sita vya kawaida vilivyo imara na chupa nzuri ya chai. Nyumba yenye wazee kila mtu anaamka kwa saa yake, chupa ndiyo inayowangoja. Ijaribu hapo hapo: tia maji yaliyochemka, funga, baada ya muda shika nje. Ikiwa ya moto mwilini, rudisha.

Najua utasema baba unaogopa deni kuliko Shetani. Mabati ya nyumba hii unayajua, na unajua shamba la Misungwi lilikwenda wapi. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tuyaache.

Siku hizi daraja la Kigongo–Busisi limekwisha, foleni ya kivuko hutaisingizia tena. Pitia hapa Ijumaa. Vikombe mama yako ameshaviweka pembeni kwa bei aliyonunulia, utamlipa mwisho wa mwezi, kwake hakuna meseji za usiku. Atavifunga mwenyewe kwa magazeti, kimoja kimoja, na chupa mtaipakata kwenye meli ya Bukoba, msiiweke chini na mizigo. Ile seti ya Geita, kama risiti unayo, rudisha, hela yote ipeleke kwenye mkopo siku hiyo hiyo, na unitumie picha ya muamala niione.

Mbuzi yule mweusi amezaa mapacha. Mdogo wako anadaiwa daftari za maabara, mpe wewe, usinipitishie mimi. Na ukija, mletee bibi yako ile dawa ya kuchua, ya kopo la kijani. Hii aliyopewa hapa anasema inanuka petroli.

Baba yako