Nihesabie mbavu, shoga

Shoga yangu Daktari,

Za siku? Za Mwanza, za zamu za usiku? Huku wazima, ila mama na goti lake lile lile. Najua unanidai simu tangu Idi. Nigombeze baadaye, leo nina shida.

Ile programu yangu ya kutenganisha pingili za mgongo na mbavu kwenye picha za CT imejua kupaka rangi, kuhesabu haijui. Mfupa inauzungushia vizuri, hadi ile miiba ya nyuma. Juzi nikaipa picha iliyoanzia katikati ya kifua, shingo haimo. Ikakosea pingili moja tu, na zote zikafuata: T11, pingili ya 11 ya kifua, ikaitwa T12, T12 ikaitwa L1, ya kwanza ya kiuno, kama darasa zima limehama dawati moja nyuma. Kwa macho picha inapendeza! Alama zikawa sifuri, maana kila pingili hulinganishwa na ya jina lake kwenye jibu sahihi. Bosi akaniuliza kama nilikuwa nimelala.

Tena si kwamba nilikuwa nimepumzika. Wiki nzima kabla ya hapo mbavu za kushoto zilikuwa zinapewa majina ya kulia. Nikalaumu data, nikamlaumu Bakari na kompyuta yake. Kumbe ni mimi: wakati wa kuifundisha nilizigeuza picha kama kwenye kioo ili mifano iwe mingi, majina ya mbavu nikayaacha yalivyo. Wale wa Basel wenye TotalSegmentator, programu yao ya kutenganisha viungo kwenye picha za CT, walikiondoa kioo mapema. Ningesoma kwanza... haya, basi.

Ila hilo la kuhesabu ndilo linaninyima usingizi. GPU, ile chipu inayofanya hesabu za programu, haimezi mgongo mzima, kwa hiyo modeli inapewa vipande, vokseli (vile vitone vya picha ya pande tatu) 128 kila upande. Hata wewe nikikuonyesha pingili tatu za katikati ya kifua, utajuaje kama hii ni ya sita au ya saba? Na watu wenyewe hawafanani! Kwenye picha za VerSe za 2020, ule mkusanyo wa picha za CT za mgongo, wamo wenye T13, pingili ya ziada ya kifua, wamo wenye L6, ya sita ya kiuno. Programu yangu inajua mbavu jozi 12 na kiuno pingili 5, ikikutana na wa namna hiyo inabuni. Ikimbunia daktari wa upasuaji je?

Nimekuchagulia picha 10 kati ya hizo za VerSe, hamna mgonjwa wako wala wangu. Wewe unahesabuje, unashuka kutoka C2, pingili ya pili ya shingo, au unapanda kutoka kwenye sakramu, ule mfupa wa chini ya kiuno? Ukikosa vyote viwili unashika nini? Kale kamfupa ka sentimita mbili kwenye picha ya nne, ni ubavu au nakapa cheo bure? Na ile pingili ya mwisho iliyoungana na sakramu upande mmoja, mnaiandikaje kwenye ripoti? Mama Nasra amejifungua?

Flashi anayo mdogo wako, anapanda basi Ijumaa. Majibu uandike kwenye karatasi, usimtume kwa mdomo, unamjua.

Wako,
Mwanahawa